Ndege ya Masharti Kwenda Fukue

Siku baba yangu anakufa, nilifika kitandani kwake nikamshika mkono. Shida ni kwamba siku hiyo sikukanyaga kisiwani kabisa.

Usiseme nimerogwa. Ngoja nikusimulie.

Kutoka Nagasaki, ninakoishi, hadi kisiwa chetu cha Fukue ni kilomita mia hivi. Kwa ndege ni nusu saa, hata usingizi haukukolei.

Safari hiyo fupi ilinishinda miaka na miaka, tangu mzee anitimue mbele za watu kwa kukataa kurithi kiwanda chake cha tambi.

"Huna baba!" alinifokea. Na mimi kwa kiburi changu, nikasusa mazima.

Kisha mdogo wangu Nobuo akapiga simu.

"Kaka Kiyoto, mzee hafiki kesho. Macho hayaoni tena. Anakutaja wewe tu, anasema ana neno na wewe. Njoo!"

Nikakurupuka mbio hadi uwanja wa ndege.

"Kisiwani kuna ukungu," dada wa tiketi akaniambia. "Ndege inaondoka kwa masharti. Ikishindwa kutua, inarudi hapa hapa."

Masharti! Utadhani nimeenda kwa mganga. Ila sisi wa visiwani tumeshazoea, unapanda huku unaomba.

Bibi wa kiti cha jirani aliona ninavyohema.

"Unawahi harusi, baba?"

"Namuwahi mzee wangu, bibi. Anakata roho."

Akatoa rozari yake.

Juu ya kisiwa, dirishani kulikuwa kweupe pee. Ndege ikashuka, ikashuka, nikaona mapaa ya kijiji chetu. Aisee, chini yangu kabisa! Mara ikainua pua. Ikazunguka, ikajaribu tena, ikapanda tena.

"Tunaomba radhi sana," rubani akasema. "Tunarudi Nagasaki."

Nililia kama mtoto, wala sikuona aibu.

Kesho yake nilifika kwa meli. Nobuo alikuwa bandarini, kavaa suti nyeusi.

"Lini?"

"Jana, kaka. Muda mfupi baada ya ndege yenu kupita juu ya nyumba."

Kwetu mlio wa ndege ndiyo hodi. Ukiusikia, unajua mgeni wako kafika. Mzee aliusikia, akainua shingo.

"Kiyoto huyo?" aliuliza.

Nobuo alishaisikia ndege ikipanda tena. Alijua siji.

"Nikatoka nje," akaniambia. "Nikakaa kidogo, nikafungua mlango kama mgeni. Nikamshika mkono. Nikasema, baba, nimerudi."

Sauti zetu hazitofautiani, hata marehemu mama alikuwa akituchanganya kwenye simu.

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Nisamehe, mwanangu. Nilikosea mimi.'"

Nikashusha pumzi. Nobuo akageuza uso.

"Halafu akauliza Nobuo yuko wapi. Alitaka kuniaga na mimi."

"Ukamjibuje?"

"Ningemjibu nini? Nilikuwa wewe, kaka! Nikasema katoka mara moja, anakuja. Akasubiri. Akafa kaelekeza uso mlangoni."

Nobuo ndiye aliyemlisha mzee, akamwogesha, akamgeuza kitandani.

Ndugu unayesoma, kama una kinyongo na mzazi, nenda leo hali ya hewa ikiwa nzuri. Mimi nilichelewa, na aliyekosa kuagwa ni mdogo wangu.