Jipu la Rafiki wa Baba

Ngabo alikuwa dereva tangu ana miaka kumi na minane, na hakuwahi kuendesha gari lake mwenyewe. Aliendesha magari ya watu kati ya Nyamitaba na Sake, akapakia viazi vya watu, akakwama kwenye matope, na jioni akarudisha funguo kwa wenyewe. Basi aliposikia kwamba Papa Sebarenzi anauza gari lake kuukuu aina ya jipu, moyo ulimruka. Tatizo ni kwamba akiba yake ya miaka minne haikutosha. Mama yake, Nyirabagenzi, akasema kilichopungua kitajazwa na ng'ombe.

Ng'ombe mwenyewe alikuwa mmoja tu, wengine waliondoka na vita. Huyu alikuwa wa uzao wa mtamba ambaye Sebarenzi alimpa baba yake Ngabo zamani, wakawa zaidi ya ndugu. Na hapo ndipo kijana aliponaswa. Kwetu huku milimani, mtu aliyekugawia ng'ombe humkagui. Hubishani naye bei, sembuse kumletea fundi aingize kichwa chini ya gari lake. Ngabo aliyajua magari kuliko alivyoijua katekisimu, lakini alitoa akiba yake yote bila kufungua hata boneti. Alilizunguka jipu mara moja pale uani kwa mzee, akasema asante kwa mikono miwili.

Sebarenzi alitaka ng'ombe aletwe kwake. Nyirabagenzi, aliyekuja pamoja na mwanawe, akakataa katakata.

"Hapana, Papa Sebarenzi. Utakuja kwetu, utakunywa maziwa, njo utashika kamba wewe mwenyewe. Bwana yangu angekuwa muzima, angefanya vile."

Mzee alitaja mvua, akataja kazi, mwishowe akaishiwa visingizio akapanda jipu. Alikaa mbele, Nyirabagenzi akakaa nyuma na kitenge chake cha sikukuu, akitabasamu kama bibi harusi. Ngabo akawasha gari. Lilinguruma vizuri, na kwa muda mfupi kijana alikuwa na furaha isiyo na mfano.

Kwenye tambarare mbuzi walikatiza barabara. Ngabo akakanyaga breki, na kanyagio likazama mpaka chini, kama anayekanyaga tope. Gari lilisimama mbuzi wa mwisho akiwa ameshapita. Akajaribu tena, ikawa vilevile. Alijua kilichokuwa mbele: baada ya kanisa kulikuwa na mteremko mrefu wa kuteremkia kwao, ukuta wa mlima upande mmoja, korongo upande wa pili, na usiku wa jana mvua ilinyesha.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "hii freni iko na kitu."

Nyirabagenzi alimfinya bega. "Nyamaza! Unataka kunipatisha haya mbele ya papa yako mukubwa?"

Papa mkubwa mwenyewe hakugeuka. Alikuwa akitazama dirishani kana kwamba hajawahi kuona shamba la maharagwe.

Ngabo aliogopa, na alikasirika kwa kuogopa. Kusimama na kusema jipu ni bovu ilikuwa sawa na kumwita mzee mwongo, na mama yake asingemsamehe. Kuteremka nalo ilikuwa kumtia mama yake huyohuyo korongoni. Akaingiza gia ya kwanza, mkono mmoja kwenye breki ya mkono, akaanza kusali kimoyomoyo. Kanisa likatokea.

Sebarenzi akagonga dashibodi. "Simamisha, mutoto wangu. Mi nitashuka na miguu. Nikikaa sana, mugongo inaniuma."

Ngabo akavuta breki ya mkono. Jipu likaburuzika, likasimama mdomoni mwa mteremko. Mzee alifungua mlango na kuruka nje haraka mno kwa mtu mwenye mgongo mbovu, akasogea majanini.

Nyirabagenzi akauliza kutoka nyuma, taratibu:

"Papa Sebarenzi, na mimi?"

"Wewe kaa tu, mama," alijibu mzee akitazama viatu vyake. "Mutoto anajua kuendesha."

Nyirabagenzi alishuka. Akaenda kumsimamia mzee usoni. "Ulijua."

"Niliwaza atatengeneza..."

"Franga ya mutoto irudi leo. Ngombe inabakia kwetu."

Ngabo alizima gari akashuka, na mama yake akachukua ufunguo mkononi mwake, akauweka kwenye kiganja cha mzee bila kukigusa. Mama na mwana wakateremka kwa miguu. Ngabo aliona aibu kwamba alikuwa tayari kumtia mama yake hatarini kwa ajili ya heshima, na papo hapo akashukuru kwamba bado anasikia hatua zake nyuma. Walipofika katikati, hatua zile zikakoma. Akageuka, akamkuta analia.

"Usilie, mama. Tutapata ingine gari."

"Siko nalilia gari," alisema, akijifuta na ncha ya kitenge. "Papa yako, kila mangaribi mpaka anakufa, alikuwa anaombea huyu muntu kwanza. Kisha njo nyinyi batoto."