Taa Mbili Zisizofanana

Gari nililoachiwa na mzee niliyekuwa nikimtunza lina taa mbili za mbele zisizofanana. Ya kushoto ni pana kama sahani ya wali. Ya kulia ni kama kisahani kinachotosha kikombe na kitafunio. Alilinunua Marekani ujanani, akalisafirisha hadi Sydney, na katika miaka niliyomwogesha na kumlisha alinisimulia habari za kiwanda kilicholiunda zaidi kuliko habari za wanawe.

Kilikuwa kiwanda kidogo, na kilidumu miaka michache tu. Wakati wenye viwanda vikubwa wakishindana kurefusha boneti, wenye kiwanda hiki waliamini kwamba mtu wa kawaida anahitaji gari fupi lisilonywa petroli nyingi. Wakubwa wakanunua chuma chote kizuri, mawakala wakahama, vipuri vikaanza kuisha. Majuma ya mwisho mafundi waliunda magari kwa vilivyosalia stoo. Vitabu hukiita kiwanda kilichoshindwa. Neno hilo silikubali.

Hapa Sydney, ili gari la kale liruhusiwe barabarani, chama cha wenye magari hayo lazima kitie sahihi kwenye fomu. Desturi ya chama ni kwamba mwenye gari husimama kando yake, mbele ya wenzake, akaeleza lilikotoka. Nilisimama, nikaeleza. Katibu, mwalimu mstaafu, alilizunguka gari akasifu rangi.

"Kijani ya kiwandani, haijaguswa," alisema, akaandika. Kisha akafika kwenye taa. "Hii ya kulia mtu ameibandika baadaye. Tafuta inayofanana, urudi mwezi ujao."

"Ilitoka kiwandani hivi."

"Rafiki yangu, hakuna kiwanda kinachouza gari lenye makengeza."

Walicheka wote. Bila sahihi ile, gari lingebaki kuwa pambo la uani.

Nililipeleka juu ya lori hadi mtaa wa Auburn, kwa fundi Mkongomani tunayesali naye.

"Dada, taa nitakupatia kwa siku mbili," alisema. "Wape wanachotaka, upate sahihi yako, uende zako."

"Na hii?"

"Weka kabatini. Taa haina wivu."

"Kaka, fungua tu hiyo ringi ya taa."

Aliguna, akashika bisibisi. Chini ya ringi, tundu la madigadi lilikuwa limekatwa kwa mkono, na kingo zake zilijaa alama za tupa ya kusugulia chuma. Juu ya alama hizo ilitanda rangi ya kijani, ileile, bila mpasuko.

Nilijifunza kusoma katika kambi ya wakimbizi Kigoma, kwenye dawati ambalo baba yangu aliliunga kwa mbao za makreti. Najua ukingo uliokatwa kwa kifaa kisichofaa, kisha ukalainishwa kwa subira kwa sababu mtoto atakaa hapo. Kuna mtu alilainisha tundu lile huku akijua lango la kiwanda litafungwa. Sikuwa tayari kumsaidia yeyote kumfuta.

Mwezi uliofuata nilirudi na taa ileile. Nilimpa katibu bisibisi.

"Fungua wewe mwenyewe."

Alifungua. Alivaa miwani, akainama, akapapasa ukingo kwa kidole.

"Rangi hii ni ya kiwandani?" nikamuuliza.

"Niliandika hivyo."

"Basi tupa ilipita kabla ya rangi."

Safari hii hakuna aliyecheka. Wawili walisogea kutazama, mmoja akiwa na kikombe chake cha chai mkononi.

"Bado ni baya," katibu alisema hatimaye.

"Fomu haina swali la uzuri."

Aliiweka fomu juu ya boneti, akatia sahihi. Kwenye nafasi ya kasoro alikuwa ameandika habari ya taa tangu mara ya kwanza. Niliweka kiganja juu ya karatasi, nikakiacha hapo hadi alipoelewa na kuyakata maneno yale.

Ofisi ya usajili ingefunguliwa Jumatatu, kwa hiyo gari lilirudi Auburn juu ya lori la fundi. Kabla hajaondoka nilimwomba awashe taa za mbele za gari langu.

"Dada, saa sita mchana?"

"Washa zote mbili, kaka."