Msimamizi Alipokuja na Sukari

Wiki iliyopita mashine ya kuchanganyia zege ililetwa shuleni kwetu, na ilipoanza kunguruma wenzangu walishangilia. Mimi, mchekeshaji wa darasa, nilinyamaza mpaka wakaniuliza kama naumwa.

Mashine kama hiyo ilimkata baba vidole vitatu kwenye ujenzi, wakati nikiwa mdogo, tunakaa Nangara. Siku ya pili yake alikuwa amelala chumbani, ananuka dawa na damu, msimamizi wake akaja na kilo nzima ya sukari. Wakati ule tulikuwa na mwezi tunakunywa chai bila sukari, kwa hiyo nilimpenda palepale.

"Shikamoo."

"Marahaba, mama. Eti, baba yako anapenda pombe?"

Mama alikuwa ameenda kisimani. Nikaona mgeni anataka kuchekeshwa, na kwa hilo mimi sijambo. "Baba? Akinywa anawaamkia mbuzi."

Alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akatoa kalamu akaandika. Nilidhani anauandika utani wangu akawasimulie wenzake.

Kumbe kweli alienda kuwasimulia, tena ofisini. Baba alipoenda kudai fidia alisomewa kwamba aliingiza mkono mashineni akiwa amelewa, na shahidi ni binti yake. Baba huyo huyo aliyekuwa akionja pombe Krismasi tu, kikombe kimoja.

Alirudi akaketi kitandani. "Ulimwambia nini yule bwana?"

Nikamwambia yote, na mbuzi nikawataja. Akainuka akafunga mlango.

"Mama yako asijue ni wewe."

Mama anaamini aliyemchongea baba ni jirani yetu, Mama Petro. Mpaka leo hampi mkono kanisani.