Kamera Iliyokataliwa Al Qabil

Siku Shukriya alipostaafu, wenzake wa chumba cha eksirei walimletea keki iliyochorwa mbavu. Mbavu nyeupe juu ya krimu ya chokoleti, zimepangwa vizuri, ila moja chini kushoto mkono wa mchoraji ulikuwa umeteleza. Shukriya aliiona kabla hajashika kisu.

"Huyu kavunjika," alisema, na chumba kizima kikaangua kicheko.

Karibu nusu ya watu wa Ibra, mji wao huko Oman, walikuwa wameshapita mbele ya mashine yake: vijana walioanguka na pikipiki mchangani, wazee waliokohoa usiku kucha, watoto waliomeza sarafu na mama zao wanaolia kuliko wao. Akikutana nao sokoni, majina yalimpotea lakini mifupa aliikumbuka. Mtu anampita kwa salamu na tabasamu, naye moyoni anasema, ah, huyu ni lile bega.

Nyumbani alikaa wiki moja akisafisha makabati. Yalipokwisha makabati akaanza kwa jirani, na hapo mumewe, Khalaf, mhandisi wa maji aliyestaafu kabla yake, akaona lazima waseme.

"Unataka nini, Shukriya?" alimuuliza wakinywa kahawa.

"Nataka kamera."

"Si una simu?"

"Simu inanipigia kelele. Nikiinua nipige picha, inaingia habari ya kundi la harusi, mara nani kajifungua. Nataka kitu cha picha tu, basi."

"Picha za nini?"

"Za watu. Kwa nje. Kwa ndani nimeshawaona."

Khalaf hakucheka. Alikwenda kuchukua miwani yake na kuanza kusoma habari za kamera kwenye mtandao, na akazisoma kama alivyokuwa akisoma ramani za mabomba, mpaka Shukriya akajuta kwa nini hakunyamaza mwenyewe.

Wakaenda Nizwa, kwa kuwa huko ndiko anakosoma Lamees, binti wa kaka yake Shukriya, na Lamees aliahidi kwamba analijua duka zuri nyuma ya souq, soko la mji. Mwenye kuuza humo alikuwa kijana wa Mombasa, Muzamil. Aliposikia wanazungumza Kiswahili mlangoni, alitoka nyuma ya meza yake mikono miwili mbele.

"Shikamoo mamangu! Shikamoo mzee!"

"Marahaba mwanangu," alisema Shukriya. "Nataka kamera, na hawa wawili wamekuja kugombana."

Na kweli waligombana. Muzamil aliweka kamera mbili juu ya kioo. Moja ilikuwa kubwa, nyeusi, yenye lenzi ya kutoa na kutia, zile wanazoziita DSLR, lakini ya anayeanza kujifunza. Nyingine ndogo, ya rangi ya fedha, nyembamba, ungeweza kuificha kwenye kiganja ukampa mtu mkono asijue.

"Kubwa," alisema Khalaf. "Inashikika. Ukienda mlimani Jabal al Akhdar msimu wa waridi, unatia lenzi nyingine, unaliona ua mpaka umande wake."

"Ami, wallah, hii kubwa mzito," alisema Lamees, ambaye Kiswahili chake alikiokota kwa bibi yake na Kiarabu kikakaa ndani yake bila kuomba ruhusa. "Wasichana wote chuo wanatafuta hii dogo sasa. Picha yake iko ya zamani-zamani, hilwa wayid, nzuri sana."

Shukriya akamgeukia muuzaji. "Niambie wewe ambaye si jamaa yangu."

Muzamil alisema bila kuzunguka. Ndogo huna cha kujifunza: unaitoa mkobani, unabonyeza, imekwisha. Lakini juani kioo chake kinafifia usione kitu, na nyumbani penye giza itataka flashi. Kubwa unachungulia kwenye kitundu chake, ukibonyeza imeshapiga papo hapo, na penye mwanga mdogo inavumilia. Ila ni mzigo, na mwanzo itakutesa.

Khalaf aliuliza maswali mpaka Muzamil akaagiza chai ya maziwa. Shukriya hakuuliza tena. Alichukua ile ndogo, akaitia mkobani baina ya chupa ya manukato na kisanduku cha miwani, akafunga zipu, akaufungua tena mkoba na kuufunga.

"Khalas," alisema. "Inaingia."

Njia nzima ya kurudi Ibra Khalaf aliendesha kwa adabu ya mtu aliyeshindwa.

Mtu wa kwanza aliyetaka kumpiga picha alikuwa Bi Tufool, dada mkubwa wa mama yake, anayeishi Al Qabil katika nyumba iliyozungukwa na mitende. Bi Tufool aliondoka Unguja akiwa mwanamke kamili, na Kiswahili chake cha Malindi, mtaa wa huko huko Unguja, hakukichanganya na kitu. Alikaa na Mwanamboka, mwanamke wa Tanga aliyekuja kumsaidia kazi za nyumbani, na wawili hao walishindana kutwa nzima nani anajua kupika mchuzi wa pweza, ingawa pweza Al Qabil hapatikani kila siku.

"Shikamoo, Mama Mkubwa."

"Marahaba. Kaa. Umekonda, au ni hiyo nguo?"

Shukriya alikaa, akanywa kahawa, akaulizwa habari za kila mtu. Mama yake mkubwa alikuwa amekaa uani, kivuli cha mtende kikimpita usoni, ametulia, mzuri. Shukriya akatoa kamera taratibu na kuinyoosha mbele.

Bi Tufool aliinua ushungi mpaka machoni.

"Iweke chini hiyo simu yako."

"Si simu, Mama Mkubwa. Ni kamera."

"Kamera iko wapi? Hiyo ni sabuni." Sauti ilitoka nyuma ya kitambaa, wala haikuwa na mzaha. "Sitaki uso wangu uzurure kwenye masimu ya watu. Mwaka jana kwenye harusi kijana mmoja alinipiga nina halwa mdomoni. Ilifika Dar, ikafika London, ikarudi hapa imeandikwa maneno juu yake. Mimi! Nina halwa mdomoni!"

Mwanamboka alikimbilia jikoni acheke huko.

Shukriya hakukata tamaa mara moja. Bi Tufool alipogeuka kumimina kahawa, alijaribu kumwiba. Lakini jua lilikuwa limekipiga kile kioo, haoni kitu ila paji lake mwenyewe. Akivaa miwani anaona kioo haoni mtu, akiivua anaona mtu haoni kioo. Alibonyeza tu kwa kubahatisha.

Usiku Khalaf alizitazama picha zile moja baada ya moja, uso mkavu.

"Hii ni nini?"

"Mama Mkubwa."

"Wapi?"

"Hapo. Bega lake."

"Na hii?"

"Hicho kidole changu."

Walicheka wote wawili, lakini Shukriya alipolala alijua kwamba lile neno, sabuni, limemuuma. Miaka yote ile kazini watu walimvulia mashati bila kuuliza, wakalala wanapoambiwa walale. Hakuna aliyemficha uso. Sasa alikuwa anataka kitu kidogo kuliko mbavu, na ananyimwa.

Mwisho wa wiki Lamees alikuja Ibra, akaikuta ile kamera ndogo mezani. Akaizungusha nyumba nzima: paka juu ya ukuta, viatu mlangoni, mvuke wa kikombe, ami yake akisinzia na gazeti kifuani. Picha zilitoka nzuri kwelikweli, zina wekundu kidogo kama za zamani.

"Shangazi, kamera haina shida," alisema. "Wewe na yeye tu hampatani."

"Basi ichukue wewe, mama. Mpatane."

Lamees alipiga ukelele mpaka paka akaruka nje, akamkumbatia shangazi yake akambusu kichwani, na tangu saa hiyo kamera haikutoka mkononi mwake.

Wakarudi Nizwa. Muzamil hakuuliza kilichotokea. Aliileta ile kubwa, akamwonyesha pembeni ya kitundu cha kuchungulia kigurudumu kidogo kama kichwa cha pini.

"Vua miwani, mama. Tia jicho hapa, uzungushe hiki polepole mpaka uone sawa. Kitundu kitalifuata jicho lako."

Shukriya aliielekeza mlangoni. Mwanzo uchochoro wote ulikuwa ukungu. Akazungusha. Pale ng'ambo palikuwa na mzee na kikapu cha ndimu, na kidogo kidogo zile ndimu zikajitenga, kila moja na ngozi yake, na kucha za mzee, na uzi uliochomoza kwenye kofia yake.

"Subhanallah," alisema, jicho bado liko kwenye kitundu. "Khalaf, njoo uone."

Khalaf alikuja akaona, akasema, "Ee, nzuri," kisha akafunga mdomo wake kwa nguvu zake zote. Shukriya alimjua mumewe, akamshukuru kwa hilo kuliko kwa mambo mengine mengi.

Wiki ya kwanza ilimtesa kama alivyoahidiwa. Shingo ilimuuma kwa ule mkanda. Alipiga picha nyeupe tupu, akapiga nyeusi tupu. Khalaf alimsomea kitabu cha maelekezo kwa sauti, naye alisikiliza nusu, kwa sababu nusu ya pili alikuwa anaijua: mwanga mwingi, mwanga mchache, karibu, mbali. Kazi yake ya zamani ilikuwa hiyo hiyo. Pole pole watu walianza kutokea kwenye picha.

Akaenda tena Al Qabil, safari hii kamera imening'inia kifuani wazi, hakuwa na njia ya kuificha. Alipoingia uani alitaraji ushungi utapanda tena machoni. Bi Tufool aliitazama kamera, akamtazama yeye, akaitazama kamera.

"Ah," alisema. "Hiyo ndiyo kamera. Mwanamboka! Niletee kile kiti cha mikono. Na wanja wangu. Na wewe usinipige hivi, subiri, watu hawapigwi picha kama wanaokimbia moto."

Akaingia chumbani. Muda aliokaa humo, Mwanamboka alisikika akitumwa hiki na kile. Alipotoka alikuwa amevaa nguo ya hariri ya kijani, dhahabu shingoni, wanja machoni, na harufu ya udi imemtangulia.

"Unguja ukienda kupigwa picha, unajitayarisha tangu alfajiri," alieleza akijiweka kitini. "Nyuma yako kuna pazia. Pazia letu liko wapi?"

Pazia halikuwapo. Mwanamboka akaleta shuka la bluu, likafungwa kwenye kamba baina ya mitende miwili. Upepo ukalijaza kama tumbo. Mwanamboka akashika ncha moja, na jirani aliyekuja kuomba bizari akapewa ncha ya pili. Jirani huyo akampigia simu dada yake aje aone, na dada akaja na mama mkwe wake.

"Nicheke au nisicheke?" aliuliza Bi Tufool.

"Upendavyo, Mama Mkubwa."

"Sisi hatukuwa tukicheka kwenye picha. Tulikuwa watu wazima."

Shukriya akatia jicho kitunduni, akapanga, na ulimi wake ukasema kwa mazoea ya kazini kabla hajauzuia: "Vuta pumzi. Zuia."

Bi Tufool alivuta pumzi akaizuia, mashavu yamefura, macho yametoka. Alikaa vile vile kwa utiifu. Mwanamboka aliona kwanza, akacheka mpaka shuka likamtoka mkononi, na jirani akafuata, na Bi Tufool mwenyewe pumzi zikamshinda. Kamera ilipiga wakati huo huo.

"Pumua," alisema Shukriya, machozi ya kicheko yakimzuia kuona.

Walipotulia alipiga nyingine, ile waliyoitaka. Akaizungusha lenzi kuusogeza uso karibu. Bi Tufool alikuwa amekaza midomo, upande mmoja chini kidogo kuliko mwingine, na Shukriya akasita, kidole juu ya kitufe. Ulikuwa mdomo wa marehemu mama yake. Alikuwa amekaa na mama yake mkubwa kwa miaka chungu nzima, wamekula sahani moja, na hakuwahi kuuona.

"Mbona hupigi?" aliuliza Bi Tufool bila kufungua midomo.

"Napiga, Mama Mkubwa." Akapiga, akapiga tena.

Baada ya hapo Bi Tufool aliinuka akamwashiria Mwanamboka kwenye kiti.

"Kaa na wewe."

"Mimi, bibi? Nimevaa ya jikoni."

"Kavae nyingine. Mama yako kule Tanga atajuaje kama nakulisha?"

Mwanamboka alikaa amevaa dira la manjano, mikono mapajani, amekauka kama mlinzi, mpaka Bi Tufool alipomwambia kwamba mchuzi wake wa jana ulikuwa mzuri, jambo ambalo hakuwahi kulisema, na uso wote ukafunguka. Akafuata jirani, na dada yake, na mama mkwe, ambaye aliomba arudi kwanza nyumbani akavae dhahabu. Nje ya ukuta Khalaf, aliyekuja kumchukua mkewe mapema mno, alipelekewa kahawa garini, kisha tende, kisha mto.

Picha zilisafishwa Ibra, kwenye karatasi nzuri. Bi Tufool alizitandaza mapajani mwake. Ile aliyokaza midomo aliamuru itiwe fremu iwekwe sebuleni. Ile anayocheka aliitazama muda mrefu.

"Hii usimwonyeshe mtu," alisema, akaitia chini ya mto.

Mwanamboka ndiye aliyemwambia Shukriya, wakati wakiosha vikombe, kwamba kila mgeni anayeingia huonyeshwa kwanza ile ya chini ya mto, ndipo huruhusiwa kwenda kuitazama ya sebuleni. Picha yake mwenyewe alikuwa ameshaituma Tanga, na mama yake alikuwa amepiga simu akisema manjano inampendeza.

Mwezi uliofuata simu ya Shukriya ilianza kuita kwa sababu mpya. Alipiga simu mjane mmoja wa Ibra, wakapiga masista wawili waliostaafu hospitali pamoja naye. Kisha siku moja asubuhi akapiga mwanamke wa Al Kamil wal Wafi, asiyemjua kabisa, aliyeipata namba yake kwa yule jirani wa bizari.

"Wewe ndiye mwenye kamera kubwa?" aliuliza yule mwanamke.

"Ni mimi."

"Sio ndogo?"

"Ndogo nimeigawa."

"Alhamdulillah. Njoo Jumamosi. Tuko na mama yangu na dada zake, wote wazima. Shuka nimeshalipiga pasi."

Shukriya akafunika simu kwa kiganja, akamwita Khalaf aliyekuwa bustanini, amuulize kama gari lina mafuta.