Titi la Vikombe Viwili

Haya ni ya mwanamke yeyote aliyegusa kitu kifuani mwake akaamua kunyamaza. Nayaandika nikiwa mzima, nimekaa kwenye kigoda changu, na nimejikagua mara mbili kabla ya kusema hivyo.

Kabla ya ugonjwa nilikuwa muuza mchele na maharage Tunduma, hatua chache kutoka mpakani. Ilikuwa miaka ile reli mpya imeanza kupita kwetu, sabuni ni ya foleni na sukari ni kitu cha kusimuliwa. Nusu ya wateja wangu walitoka upande wa pili. Walinisemesha Kibemba, nami nikawajibu kwa Kinamwanga na vidole, na bado waliondoka wakilalamika kwamba nimewashinda. Mume wangu, Baba Zuhura, alikuwa dereva wa lori, mtu wa Kondoa, mpole. Watoto wanne, wote nimewanyonyesha.

Nianze na kopo langu. Sokoni kwetu kopo halijajaa mpaka lifanye kilima juu, na likishafanya kilima unaongeza kiganja kimoja. Kiganja hicho ni nyongeza. Mteja akiulizwa nyumbani amenunua ngapi, atasema makopo mawili. Hatasema mawili na kiganja. Nyongeza haihesabiwi, na mimi, ambaye nahesabu hata ngazi za nyumba za watu, sikuwahi kuihesabu maisha yangu yote.

Ugonjwa ulianza bafuni. Nilikuwa najipaka sabuni, mkono ukapita juu ya kitu kama punje ya maharage iliyogoma kuiva. Titi la kushoto, pembeni, karibu na kwapa. Nikakagua la kulia: hakuna. Nikarudia yote mawili: moja kushoto, hakuna kulia. Haikuuma. Nikapatana nayo. Nikaipa muda hadi mavuno ya kahawa.

Mavuno yakapita. Punje ikawa kokwa la parachichi. Chuchu ikazama ndani kama mtu anayeona haya. Ngozi ikawa na vishimo kama ganda la chungwa, kisha yakaanza kutoka maji yenye damu. Baba Zuhura akaliona doa kwenye blauzi.

"Hiyo nini?"

"Mchuzi."

"Mchuzi gani unatokea ndani, Mama Zuhura?"

Alinipeleka yeye mwenyewe, kwa lori lenye mizigo ya wateja wake, hadi hospitali ya misheni huko juu Mbozi. Daktari alibonyeza titi, akabonyeza kwapa, akanawa mikono.

"Umechelewa," akasema. "Lakini hujachelewa kabisa."

"Daktari, kata nusu."

"Mama, hapa hatukati nusu. Linatoka lote."

Likatoka lote. Nilipoamka kifua cha kushoto kilikuwa bapa kama ubao wa kusukumia chapati, na mpira mwembamba ukipeleka maji ya damu kwenye chupa. Nyuzi zilikuwa thelathini na moja. Nikahesabu tena, thelathini na moja. Kwa wiki tatu mkono haukuweza kufika kichwani kushika kitana.

Mama yangu alitoka kijijini kwetu Itaka kuniuguza. Siku ya pili akamfuata daktari akaomba apewe titi.

"La nini, bibi?"

"Limewanyonyesha wajukuu zangu wanne. Haliwezi kutupwa pamoja na bandeji."

Wakampa, shingo upande. Akalifunga kwenye khanga, akaenda nalo Itaka, akalizika kwenye shamba la kahawa, mche wa tatu kutoka mlangoni pake. Mimi nilikuwa kitandani. Ningekuwa na nguvu ningemzuia, au labda nisingemzuia.

Nilipona. Nilirudi kwenye meza yangu sokoni na matambara ndani ya sidiria. Kisha, siku moja saa nne asubuhi, jua kali, vumbi la malori limetanda Tunduma nzima, nilihisi tone la maji likidondoka juu ya titi la kushoto. Lile ambalo halipo. Tone jingine. Kisha maji ya baridi yakateremka taratibu hadi kwenye chuchu. Nikafungua blauzi nikachungulia. Kovu kavu. Ngozi kavu.

Mchana alikuja mwanamke wa Itaka na gunia la maharage, miguu yake imejaa tope.

"Huko mvua?"

"Kubwa, mama."

"Ilianza saa ngapi?"

Akafikiri. "Saa nne, saa nne na kitu."

Nikapokea gunia lake. Mimi huwa siamini kitu mpaka kijirudie. Kikajirudia, na tena niliuliza. Mara ya tatu sikuuliza mtu.

Kulikuwa na uzito pia. Nikiinama kuchota mchele mkono wangu wa kulia ulikwenda wenyewe kulizuia titi lisining'inie, ukashika hewa. Na kitu kibaya kuliko vyote kilikuja wakati wa kiangazi: kitu chembamba sana kikinipenya taratibu, leo hapa, kesho mbele kidogo, kama uzi unavyopenyezwa kwenye kitambaa. Hakikuuma. Mimi nimekulia kwenye kahawa. Najua mizizi yake ilivyo myembamba.

Jirani yangu wa meza, Mama Sikitu, ndiye pekee niliyemwambia. Akaacha kupepeta.

"Kilichotangulia kinaita kilichobaki, shoga. Ungeliacha hospitali."

"Sasa mimi niende nikajibu nini?"

"Wewe unafanya mzaha."

Sikuwa nafanya mzaha. Nilikuwa nimeacha kula. Sketi zangu zilikuwa zinashikwa na pini mbili, kisha tatu. Niliamini kwamba pale palipoachwa wazi ndipo nitakapovutiwa, kidogo kidogo, mpaka nimalizike. Nikarudi misheni. Daktari akanikagua, na nikamwomba anikague tena.

"Ugonjwa haujarudi," akasema. "Mishipa ya fahamu ilikatwa, ila haijui kama imekatwa. Inaendelea kukuletea habari."

"Na habari za mvua inazipata wapi?"

Akaandika kitu kwenye faili. Halafu akaniambia kwamba upande wa pili, kwenye miji ya shaba, yuko mpasuaji anayeweka titi la kutengeneza ndani ya ngozi. Huenda pakijazwa, mishipa itatulia. Huenda.

Kaka yangu alikuwa mchimba shaba huko huko. Akaniandikisha kwenye hospitali ya mgodi kama mtu wa kaya yake. Baba Zuhura alinisindikiza stesheni.

"Kama unalitaka kwa ajili yangu, turudi nyumbani," akasema. "Kama ni kwa ajili yako, panda."

Nikapanda.

Mpasuaji alikuwa mzee wa kigeni aliyezoea kurekebisha nyuso za watu walioungua tanurini. Mkalimani wake alikuwa Sista Nanyinza, Mnamwanga mwenzangu kutoka Nakonde. Mzee alitoa sanduku la bati, akatandaza taulo, akapanga vifuko juu yake. Vilikuwa vya mpira, vinang'aa, laini, vya ukubwa mbalimbali. Nilivishika kimoja kimoja. Vilikuwa baridi, na vilichelewa kupata joto la mkono.

Vya umbo la kwanza vilikuwa duara, kama chungwa lililokatwa nusu. Vya pili vilikuwa vyembamba juu, vinene chini, kama parachichi. Nikachukua parachichi, kwa sababu titi langu la kulia lilikuwa limeshanyonyesha na kuteremka.

"Nikilala, hili linaweza kugeuka?"

Sista akauliza. "Anasema linaweza."

"Likigeuka kichwa chini nitamweleza nani? Duara likigeuka?"

"Duara ni duara, dada. Ila anasema litakaa juu kuliko mwenzake. Hayatafanana."

"Na lipi linazeeka?"

Sista akasita kabla ya kutafsiri. Mzee akajibu neno moja.

"Anasema hakuna linalozeeka."

"Nikifa?"

"Litabaki."

Nikaliweka kwenye taulo. Moja lilikuwa limenitangulia udongoni, na hili lingekuwa pale baada ya kila kitu changu kwisha, duara, linang'aa, halijui niliitwa nani. Kisha nikalichukua tena, kwa sababu lile la Itaka lilikuwa linanivuta kila siku na hili lilikuwa bado halijanifanya kitu.

Duara tukakubaliana. Ikabaki ukubwa. Mzee akanipa kikombe cha bati chenye mistari. Akataka nishone kifuko cha kitambaa, nitie mchele, nikivae ndani ya sidiria siku saba, nifue, nipike, nitembee, nipunguze na kuongeza, kisha nirudi nimwambie vikombe vingapi vinanifaa.

Kazi ya kupima mchele nilipewa mimi. Nilicheka peke yangu njia nzima.

Nikafikia kwa kaka na mkewe, wifi yangu. Siku ya kwanza na ya pili nilivaa kikombe kimoja. Maji yalidondoka kama kawaida, na mzizi ukatembea. Siku ya tatu, kimoja na nusu: maji yakaacha, mzizi ukaendelea. Siku ya tano nikatia vikombe viwili. Nilikuwa nafua uani. Kilichokuwa kikitembea kikasimama, kisha kikatoweka. Nikasimama na shati la kaka mkononi linachuruzika, nikisikiliza, kama mtu aliyezoea saa ya ukutani ikanyamaza ghafla. Siku ya sita, kimya. Ya saba, kimya.

Nikarudi. "Viwili," nikasema. "Nimepima mara mbili."

Mzee akaivuta ngozi yangu kwa vidole, akaweka rula, akaivuta tena.

"Anasema viwili ndiyo mwisho wa ngozi yako."

"Mwambie aongeze kidogo. Mimi mteja wa mbali."

Sista akamwambia, mzee akacheka, akatikisa kichwa. Tukamaliza kwa viwili.

Nilipasuliwa asubuhi ya Jumanne. Niliamka kifua kizito, kama mtu ameniegemea akasinzia. Siku nne homa, bandeji ikinibana kila nikivuta pumzi. Siku ya tisa walitoa nyuzi kumi na mbili, nikazihesabu kwenye sahani, kumi na mbili. Titi lilikuwa gumu, limekaa juu kama alivyosema, halina chuchu. Lilikuwa langu kama vile jino la bandia lilivyo la mtu. Nililia kidogo, na haikuwa huzuni.

Nilirudi kwa kaka. Wifi akaamua kuupika mchele wa kifuko changu, maana mchele haukuwa wa kutupwa. Akamimina kwenye kile kikombe cha bati, akakwangua juu kwa kisu kama alivyozoea.

"Wifi, huu si viwili," akaniambia.

"Ni viwili. Nimepima mara mbili."

"Angalia." Alikuwa na vikombe viwili bapa, na kwenye ungo kilibaki kilima kidogo. "Hii je?"

Nikaangalia kile kilima, kisha nikaangalia kiganja changu. Mkono wangu ulikuwa umefanya wenyewe yale uliyoyafanya miaka yote. Ulitia viwili, ukaweka nyongeza, na kichwa kikahesabu viwili. Nilikuwa nimejibu kipimo cha daktari kwa kipimo cha Tunduma.

Na hapo hapo, chini ya kwapa, nje kidogo ya pale titi jipya linapoishia, nikahisi tone la baridi.

Nikamrudia mzee nikamweleza yote, hata mvua, hata mizizi. Sista Nanyinza alitafsiri akiwa ameshika ukingo wa meza.

"Anasema, ungemwambia ukweli ungedai kikubwa zaidi. Angekukatalia, au kwa sababu unajua kubembeleza angekubali. Ngozi ingepasuka kabla ya mwezi kwisha na usaha ungeingia. Pengine tusingekuwa tunaongea."

"Na kile kiganja kilichobaki nje?"

Sista hakugeuka kwa mzee.

"Hilo sitamtafsiria, dada. Nenda kwa mama yako."

Nikashuka Tunduma, kesho yake nikaenda Itaka. Mama alinipokea, akanifungua blauzi mbele ya mlango kama mtoto, akatazama, akaguna. Kisha akanipeleka kwenye mche wa tatu. Ulikuwa umebeba kahawa nyekundu wakati miche mingine yote ilikuwa bado ya kijani.

"Unazaa kivyake," akasema. "Siuchumi. Ndege nao hawaugusi."

Tulikuwa tumesimama pale mvua ilipoanza. Nililowa mwili mzima kama mtu yeyote, ila pale chini ya kwapa nililowa mara mbili, juu ya nguo na mahali pengine. Sikukimbia. Nilipeleka mkono wa kulia nikapafunika kwa kiganja. Baridi ikakoma. Nikautoa mkono, ikarudi. Nikapafunika tena.

Mama akaniona. "Imetosha?"

"Imetosha."

"Basi twende ndani."

Namshukuru Mungu aliyenipa siku ambazo sikuzipima. Nawashukuru daktari wa misheni, mzee wa vifuko na Sista Nanyinza. Namshukuru Baba Zuhura, ambaye aliliangalia titi jipya kwa muda mrefu akasema tu kwamba lina adabu kuliko mimi. Nakula, sketi zinanitosha, na kila mwaka nakaguliwa.

Kwako unayesoma: jiguse, na ukikuta punje usiipe muda hadi mavuno. Nenda. Ukifika kwenye kuchagua la kutengeneza, usichague kwa macho. Livae kwa mchele siku saba ukifanya kazi zako. Uliza likigeuka itakuwaje, uliza litakaa wapi, uliza na yale unayoogopa jibu lake. Ngozi ina mwisho wake, umsikilize anayeijua. Na unapomtajia kipimo, taja pia kile ambacho mkono wako huongeza bila kukuambia.

Mama alifariki mwaka jana, mche upo. Mvua ikianza Itaka, mimi nikiwa sokoni Tunduma na jua limewaka, namwomba mteja asubiri kidogo. Nafunika kwa kiganja. Kinaenea pote, hakuna kinachobaki nje. Nimepima mara mbili.