Opali ya Mke wa Fundi Saa

Fundi saa huyu ni mtu mpole, hata inzi humfukuza kwa adabu. Ana ugonjwa mmoja tu: mawe. Kila Jumamosi hufunga kibanda chake, akabeba ndoo na chekecheo, akaenda kwenye machimbo ya zamani nje ya mji kutafuta opali, vito vinavyometameta rangi nyingi. Wachimbaji walishahama enzi za mababu, wakaacha mashimo na vilima vya kifusi. Humo hupiga magoti kutwa nzima akilamba vijiwe, kwa sababu opali ya pale hunata ulimini. Jioni hurudi na ulimi mweupe kama aliyelamba ukuta, na majirani wamempa jina la Mzee Kokoto.

Mkewe, mpishi wa shule, hakuwa na ugomvi na mawe. Ugomvi wake ulikuwa ubahili. Bwana huyu atakupa shati lake la mwilini, lakini kwenye opali ana mkono wa birika. Tangu waoane mkewe aliomba jiwe moja tu la pete. Hili? Ng'o, shimo lililolitoa limeporomoka, halina mwenzake. Lile? Bado dogo. Jamani, jiwe nalo hukua? Mawe yakaendelea kulala kwenye pamba ndani ya makopo ya biskuti juu ya kabati.

Ikafika harusi ya binti wa dada yake fundi. Dada huyo ana ulimi wa pilipili, na kila akikutana na mke wa kaka yake humuuliza, "Wifi, kokoto zimeiva?"

"Safari hii siendi kuchekwa," mke akamwambia mumewe. "Ama nivae jiwe, ama makopo yote nayarudisha kwenye kifusi ulikoyatoa."

Fundi alijua mwanamke huyu hatishii bure. Akashusha makopo, akasogeza mbele vijiwe vya kubahatisha. Mke akavipita vyote, akachukua lile lililo bora kuliko yote, lenye nyekundu na kijani zinazokimbizana ndani. Fundi akalipachika kwenye pete kwa koleo zake za saa huku machozi yanamtoka. Akasema ni harufu ya gundi.

Harusini wifi alilishika jiwe, akaligeuza kwenye mwanga, akakosa la kusema. Haijawahi kutokea! Lakini mke wa fundi hawezi kukaa bure. Aliona glasi zimepungua, akakunja mikono ya gauni, akazamisha mikono kwenye beseni. Alipomaliza, jiwe lilikuwa halina rangi kabisa, unaona kidole upande wa pili.

"Lo! Kaka yangu kakuvisha kipande cha chupa!" wifi akapaza sauti, na meza nzima ikacheka.

Sasa sikiliza. Opali za machimbo yale zina kiu. Zikinywa maji rangi hujificha, zikikauka hurudi. Fundi alilijua hilo kama anavyojua jina lake. Sentensi moja tu ingemwokoa mkewe. Badala yake shetani akamnong'oneza kwamba jiwe linaweza kurudi koponi, na mtu mzima na akili zake akamsikiliza.

"Limekufa, mke wangu," akasema kwa sauti ya msiba. "Maji yameliua. Nipe nikalitupe, usijiaibishe."

Mke akafumba ngumi. "Simpi mtu. Hata likiwa chupa, umenipa wewe."

Fundi akasogeza keki yake pembeni.

Nyumbani mke akapitisha sheria: kama maji yameliua, halitagusa maji tena. Na kwa kuwa pete haitoki kidoleni ila wakati wa kuoga na akiwa kazini shuleni, vyombo, nguo na kupiga deki vikamwangukia fundi. Akatengeneza saa za watu kwa vidole vilivyokunjamana. Na jiwe likazidi kukauka. Kwanza ukaingia ukungu wa maziwa, halafu cheche ya kijani pembeni. Roho mkononi!

"Hebu nisuuzie kikombe kimoja tu," fundi akambembeleza.

"Nije niliue mara ya pili?"

Siku ya mvua akamhimiza atoke bila mwavuli, eti hewa ni nzuri. Mke akadhani mumewe amechoshwa na vyombo, akamwonea huruma. Akamkanda mabega.

Asubuhi moja fundi akisugua sufuria, mkewe akaingia jikoni mbio, jiwe linawaka kidoleni. "Limefufuka! Mume wangu, tazama, limefufuka!" Alikuwa anacheza kama msichana. Kisha akamtazama mumewe usoni, na uso ule haukuwa na mshangao hata chembe. Njia ya mwongo ni fupi.

"Ulijua."

"Huwa yana kiu, yakikauka..."

"Ulijua siku ileile, wananicheka."

"Nilijua," fundi akasema. "Nilitaka kulirudisha koponi. Nimekukosea, na nina aibu."

Afadhali angemfokea. Mke alivuta kiti, akashusha makopo moja moja, akayapanga mezani. Kisha akanyoosha mkono wake wa pili, vidole vimetanuka.

"Haya. Sasa chagua wewe."

Fundi alipangusa povu. Akayatazama makopo, asifungue hata moja. Akaingia chumbani, akainama chini ya kitanda, akarudi na kopo ambalo mkewe hajawahi kuliona tangu aolewe, akalifungua mbele yake.

"Kumbe lipo jingine!" mke akasema, mkono bado ameunyoosha.