Demo ya dukani ilituuzia stage piano, harusini ikamnyamazisha Bi Raya

Wakuu, salaam kwenu nyote. Nayoandika hapa nimeyaona kwa macho yangu, na atakayesema natia chumvi namkaribisha abishe, nipo.

Juzi kuna member aliuliza atajuaje kama stage piano, yaani piano ya umeme ya jukwaani, ina sauti nzuri kabla hajainunua. Watu wakamjibu: isikilize demo yake.

Demo! Nilitaka kuirusha simu. Demo ndiyo iliyotumaliza sisi.

Ni miaka ya elfu mbili mwanzoni, Unguja mjini. Nilikuwa napiga fidla kwenye kikundi cha taarab. Jina la kikundi silitaji, wanachama wengine wangali hai na wana wao wamo humu humu.

Mwenyekiti wetu ndiye aliyekuwa anapiga akodiani. Ilikuwa kuukuu, mifuko yake inavuja upepo, lakini fundi mmoja alishazikwangua ndimi zake za chuma zinazotoa sauti mpaka ikawa inatoa robo toni.

Kwa wasiojua, nyimbo zetu za zamani zina sauti zinazokaa katikati ya noti mbili za piano. Kwenye fidla unaitafuta kwa kidole. Mwimbaji anaipata kwa koo lake. Piano ya kawaida haina, itakupa ya juu yake au ya chini yake, basi.

Na hakuna aliyekuwa akizipata sauti zile kama Bi Raya, mwimbaji wetu, mama mtu mzima wa Chukwani. Hakuwa na mali wala ukoo wa kutajwa. Heshima yake yote mjini ilitokana na ile sauti. Akipita sokoni wanawake wanamwachia njia.

Sasa Mwenyekiti akasikia kuna duka Mlandege limeshusha vitu used kutoka Dubai, na imo stage piano. Akatuchukua wanaume watatu twende tukaione.

Nikamwambia tumpitie na Bi Raya, yeye ndiye atakayeimba nayo.

"Mwanamke akachague mashine?" akanijibu. "Ataimba na tutakachompa."

Wakuu, hilo jibu nimebishana nalo njia nzima mpaka mlangoni kwa muuzaji, na mpaka leo linanitia hasira.

Muuzaji alikuwa ameshajipanga. Piano ameiunga kwenye maspika mawili makubwa ya disko, reverb, ule mwangwi wa bandia, imefunguliwa mpaka mwisho. Akabonyeza demo. Ikaanza kulia yenyewe, vidole haviko, mvua ya noti, mabesi yanatikisa vioo vya kabati. Wapita njia wakasimama. Mwenyekiti akafumba macho kama mtu aliyeonjeshwa halua.

Nikasema izimeni hiyo demo, nipeni headphone.

"Headphone za nini, kaka? Sauti si hiyo unaisikia?"

Nilichokuwa nasikia ni maspika yake na ile reverb yake. Piano yenyewe hakuna aliyekuwa ameigusa!

Nikamlazimisha akazima. Nikabonyeza noti moja ya chini, nikaishikilia. Piano ya kweli sauti yake inafifia taratibu mpaka inaisha. Ile ilififia kidogo, ikaganda, halafu ikawa inajirudia kipande kilekile, wa-wa-wa, kama kaseti iliyokwama.

Nikabonyeza kwa upole, kisha kwa nguvu. Piano ya kweli sauti hubadilika tabia; hii ni ileile, imeongezwa ukubwa tu. Nikakanyaga pedali nikapiga noti nyingi, za mwanzo zikawa zinamezwa kabla hazijamaliza kulia.

Mwenyekiti akanikodolea macho. "Weye umekuja kununua au umekuja kusahihisha mtihani?"

Nikauliza la mwisho, ndilo la maana. Ina robo toni?

Muuzaji akasema ina kila kitu. Akabonyeza kitufe, sauti ya piano nzima ikashuka. "Hii hapa, unashusha utakavyo."

Nikamwambia sitaki ishuke yote! Nataka noti moja tu ishuke robo, zilobaki zikae mahali pake. Akacheka, akamtazama Mwenyekiti, naye akacheka. Mtu aliyepiga akodiani ya robo toni maisha yake yote anacheka! Alijua fika ninachosema. Alishajiona amekaa nyuma ya ile piano nyeusi ukumbini, akili ikafunga duka.

Ikanunuliwa.

Mazoezi ya kwanza tu Bi Raya akasimama katikati ya wimbo. "Mwenyekiti, hichi hakinifuati. Nikifika pale katikati kinanvuta juu."

"Utazoea, Bi Raya. Hichi ndo cha kisasa."

"Mie nnaimba hivi tokea usichana wangu. Kizoee chenyewe."

Tulicheka, lakini Mwenyekiti hakucheka. Nikamwomba kwenye nyimbo zake arudi kwenye akodiani. Akasema akodiani ameshaitoa kwa mtu.

Ikaja harusi. Shughuli ya kike, baada ya laasiri, ukumbi umejaa udi na mawaridi. Bibi yake bi harusi akaomba wimbo mkongwe wa Bi Raya, wa maqamu ya rasti, ule mpangilio wa noti wa Kiarabu ambao noti yake ya tatu ndiyo hiyo ya katikati.

Bi Raya akaanza. Akaipata noti yake palepale, kama siku zote. Mwenyekiti akaibamiza ya piano juu yake, kwa sauti kubwa, maana kinanda kipya lazima kisikike. Mimi na fidla yangu nikamuunga mkono Bi Raya kwa nguvu zangu zote, lakini nyuzi nne zitashindana wapi na maspika?

Ubeti wa pili akajaribu kuifuata piano. Sasa wimbo wenyewe ukaharibika. Wanawake waliokuwa wameshainuka kumtunza pesa wakarudi vitini. Nikamsikia mmoja mbele anamwambia mwenziwe, "Maskini, Bi Raya keshazeeka."

Akanyamaza. Katikati ya ubeti.

Hapo Mwenyekiti alikuwa na nafasi ya kuwa mtu. Akachukua maikrofoni na kusema: "Tunaomba radhi, mwimbaji wetu leo koo halimruhusu."

Koo! Koo la Bi Raya lilikuwa ndicho kitu pekee kilichokuwa sawa ukumbini mle!

Niliweka fidla chini nikamwambia mbele ya wapigaji wote kwamba ni mwongo. Sikupiga tena na kikundi kile. Bi Raya naye hakuimba tena, maneno ya koo yalishaenea mji mzima kabla maharusi hawajatoka fungate.

Na mnajua kilichofuata? Mwenyekiti akaiuza ile piano kimya kimya, akaleta kinanda cha Kiarabu chenye vitufe vya robo toni. Kumbe alijua kosa lilikuwa la piano! Lakini kwenda Chukwani kumwomba radhi yule mama, hakwenda.

Nilikwenda mimi na fidla. Nikapiga rasti, Bi Raya akaimba amekaa kwenye mkeka wake, na kila noti ikaangukia mahali pake. Nikamwambia, umeona, hukukosea.

"Mie nnajua, mwanangu," akasema. "Nenda kawambie wao."

Wakuu, somo ni hili. Demo ni mbwembwe za kiwanda, ikataeni. Vaeni headphone, zimeni reverb, bonyezeni noti moja mwisubiri ife. Na mumpeleke dukani yule atakayeimba nayo, awe mwanamke awe nani, masikio yake ndiyo kipimo.

Karibuni kwa maoni. Bi Raya ameshatangulia mbele ya haki, na mjini bado wapo wanaosema alizeeka akapoteza sauti. Kama ulikuwapo ukumbini siku ile ukasema maneno hayo, andika hapa chini kwamba alikuwa sawa.